Sindano moja badala ya tatu: hesabu iliyopigwa Mwanza

Msichana wa darasa la saba pale Visiga, Kibaha, hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba. Baada ya hapo humpati tena shuleni. Mmoja atabaki nyumbani kusubiri matokeo, mwingine atapelekwa kwa shangazi yake Mlandizi, mwingine atapandishwa basi la Morogoro akamsaidie dada aliyejifungua. Barabara kuu inapita mlangoni, na watu wa Kibaha hawakai mahali pamoja. Sasa mpangie msichana huyo chanjo ya dozi mbili, ya kwanza Aprili na ya pili Oktoba. Ya Aprili ataipata akiwa kwenye foleni na wenzake. Oktoba muuguzi atafika na kisanduku chake cha baridi, atafungua rejesta, na atakuta majina yasiyo na watu.

Mtego wa ratiba ya namna hiyo ulikuwepo tangu Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nchi nzima, Aprili 2018. Walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14, na dozi zilikuwa mbili zenye kupishana miezi sita. Aprili 2024 mpango ukabadilika: dozi moja tu, umri ukapanuliwa kuanzia miaka 9 hadi 14, na lengo likawa kuwafikia wasichana zaidi ya milioni 4.8. Ikumbukwe kwamba chanjo hii ilipoanza kutumika duniani mwaka 2006 ilikuwa ya dozi tatu. Mzazi anayeona tatu zimekuwa mbili, na mbili zimekuwa moja, ana haki ya kuuliza kama mtoto wake anapunjwa.

Hapunjwi. Lakini sababu yake haitoshi kwenye tangazo la redio, maana hakuna utafiti mmoja uliothibitisha jambo hili peke yake. Yaliunganishwa majaribio kadhaa ya nchi mbalimbali, na kiungo kilichokuwa kigumu kuliko vyote kilifungwa Mwanza, kwa damu za wasichana 930.

Tuanze na ugumu wenyewe. Saratani hii husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo mara nyingi mwanamke huvipata katika miaka ya mwanzo ya kujamiiana. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Kati ya maambukizi na saratani, hata hivyo, inaweza kupita miaka ishirini na zaidi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliihesabia Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka mmoja, na wengi wa wanawake hao wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road walikuwa watu wazima tayari chanjo ilipopatikana. Mtafiti akisema asubiri aone nani atapata saratani na nani hatapata, atastaafu kabla ya jibu.

Njia ya mkato inayokubalika ni kupima maambukizi yanayong'ang'ania, yaani kirusi cha aina ileile kukutwa kwenye mlango wa kizazi zaidi ya mara moja, miezi ikiwa imepita. Kwa mwanamke wa miaka 18 hilo linawezekana. Kwa mtoto wa miaka 10 haliwezekani. Bado hajakutana na kirusi, kwa hiyo huwezi kuona kama chanjo imekizuia, na hakuna kamati ya maadili yenye akili timamu itakayoruhusu achukuliwe sampuli ukeni. Kinachobaki ni damu, upime kingamwili. Na kwenye damu kuna fundo jingine: hakuna ajuaye kiwango cha chini cha kingamwili kinachotosha kumkinga mtu na HPV. Unaweza kumpima msichana wa Mwanza ukapata namba nzuri sana, usijue namba hiyo ina maana gani.

Dalili ya kwanza kwamba dozi moja yaweza kutosha ilitoka kwa watu waliokosa dozi. Nchini Costa Rica, jaribio lililoanza mwaka 2004 lilipanga kuwapa wanawake wa miaka 18 hadi 25 dozi tatu. Wengine walipata mimba katikati, wengine wakapelekwa kwenye uchunguzi zaidi, wakabaki na mbili au moja. Miaka ikapita, na wale wa dozi moja wakaonekana wamekingwa sawa na wenzao. India ilikuwa hivyohivyo kwa sababu nyingine. Utafiti wa kulinganisha dozi mbili na tatu ulianza mwaka 2009, na mwaka 2010 serikali ikasimamisha uchanjaji katika majaribio ya HPV kutokana na vifo vya wasichana katika mradi mwingine kabisa, vifo ambavyo havikukutwa na uhusiano na chanjo. Karibu wasichana 5,000 waliachwa na dozi moja mkononi. Watafiti wakaendelea kuwafuatilia kwa miaka kumi, na kinga yao ikasimama.

Ushahidi wa namna hii unashawishi lakini una kasoro: hakuna aliyepewa dozi moja kwa kura. Anayekosa kurudi kliniki huenda anatofautiana na anayerudi kwa mambo mengi ambayo mtafiti hayaoni.

Kenya ndiyo iliyoziba pengo hilo. Kuanzia Desemba 2018 hadi Novemba 2019, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa Marekani waliandikisha wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Nairobi, Thika na Kisumu. Kwa kura, theluthi moja walipata dozi moja ya chanjo ya aina tisa za HPV, theluthi moja dozi moja ya chanjo ya aina mbili, na waliobaki walichanjwa homa ya uti wa mgongo, wakiahidiwa ya HPV mwisho wa utafiti. Baada ya miezi 18 walikutwa wanawake 38 wenye maambukizi mapya, yaliyong'ang'ania, ya aina ya 16 au 18. Katika hao 38, 36 walikuwa kundi la homa ya uti wa mgongo. Mmoja alitoka kundi la aina tisa, mmoja kundi la aina mbili. Hiyo ni kinga ya asilimia 97.5, na ni nadra kukuta matokeo ya utafiti wa tiba yanayosomeka bila msaada wa mtakwimu.

Ila hao ni wanawake wa miaka 15 hadi 20. Chanjo inapigwa kwa watoto wa miaka 9.

Hapo ndipo Mwanza inapoingia. Kituo cha majaribio cha MITU, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London waliendesha utafiti uitwao DoRIS. Kati ya Februari 2017 na Januari 2018 walichunguza wasichana 1,002 wa miaka 9 hadi 14, wakawachukua 930 wenye afya na wasio na VVU. Kura iliwagawa katika makundi sita ya wasichana 155. Makundi matatu yalipewa chanjo ya aina mbili kwa dozi moja, mbili au tatu, na matatu mengine chanjo ya aina tisa kwa mpangilio huohuo. Mzazi aliridhia kwa maandishi, na binti mwenyewe akaulizwa kama anakubali. Kisha kazi kubwa ikawa kuwachukua damu, tena na tena, kwa miaka. Kwetu Pwani mtu anayezunguka akitoa watoto damu anahitaji ujasiri wa pekee, maana jina la mumiani, mnyonya damu wa hadithi, liko tayari kabla hajafungua mkoba.

Baada ya miezi 24 walikuwa bado na wasichana 918 kati ya 930. Namba hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote katika utafiti huu, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwanza hiyohiyo, mwaka 2010, uliendeshwa mradi wa kutoa chanjo hii katika shule za msingi 134 kwa utaratibu unaofanana na wa serikali. Dozi ya kwanza ilifikia asilimia 84.7 ya wasichana waliolengwa. Ya pili, 81.4. Ya tatu, 76.1. Utafiti wenye pikipiki, simu na watu wa kugonga milango hauwapotezi wasichana. Mpango wa kawaida unawapoteza kila unapowaomba warudi. Kwa hiyo swali la kama dozi moja inakaribia tatu lilikuwa pia swali la wale wanaopotea njiani.

Damu zilipimwa katika maabara ya Frederick, jimbo la Maryland, Marekani. Uamuzi huo unaonekana mdogo lakini bila huo hesabu yote ingevunjika. Namba za kingamwili za maabara mbili tofauti huwezi kuzilinganisha kirahisi, kila moja ina kipimo chake. Sampuli za Mwanza zilipimwa pamoja na zile za Costa Rica na India, mahali pamoja, kwa njia moja. Fundo la kutojua kiwango cha chini likafunguliwa kwa kuzunguka: hatujui kiasi gani kinatosha, lakini tunawajua wanawake ambao dozi moja iliwatosha. Kama wasichana wa Mwanza hawako chini ya hao, wana sababu ya kutarajia kinga ileile. Na hawakuwa chini.

Ndani ya DoRIS yenyewe mambo hayakuwa laini kiasi hicho, na ni vizuri kupaangalia kwa karibu kwa sababu hapa ndipo wapinzani wa chanjo na mashabiki wake hukimbilia kusoma nusu. Kwa aina ya 16, asilimia 99 ya waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili baada ya miezi 24, dhidi ya asilimia 100 kwa dozi mbili na tatu. Kigezo kilichowekwa kabla ya kazi kuanza kikatimia. Kwa aina ya 18, zaidi ya asilimia 98 ya wasichana wa kila kundi walikuwa na kingamwili, lakini kigezo hakikutimia. Asilimia 98 imefeli vipi?

Imefeli kwa sababu ya swali lililoulizwa. Jaribio la kupima kutokuwa duni haliridhiki na kuona namba mbili zikikaribiana. Linadai uhakika kwamba, hata ukikadiria kwa ubaya kabisa, tofauti haiwezi kuvuka mpaka fulani, na hapa mpaka ulikuwa pointi tano za asilimia. Katika kundi la wasichana 150 hivi, kila msichana ana uzito. Wawili watatu tu wakikosa kingamwili, na upande wa pili asikose hata mmoja, makadirio ya ubaya yanaruka mpaka. Kufeli huko hakusemi kuwa dozi moja haifanyi kazi. Kunasema utafiti wa ukubwa huo haukuweza kuapa kwamba dozi moja ni sawa na mbili. Watafiti waliliandika wazi, na kwangu hilo linaongeza uzito wa kazi yao.

Dozi moja kweli huleta kingamwili chache kuliko mbili au tatu. Kinachoshangaza ni mwendo wa kingamwili hizo: hupanda, hushuka katika mwaka wa kwanza, kisha hutulia na kubaki pale. Kule Costa Rica zimefuatiliwa zaidi ya miaka kumi zikiwa palepale. Chanjo ya pepopunda haifanyi hivyo. Siri iko kwenye umbo. Chanjo ya HPV ni kama ganda la korosho lililotolewa punje: umbo la kirusi lipo, chembe za urithi hazimo. Protini moja imejirudia kwa mpangilio ule ule kuzunguka ganda zima, na mpangilio wa kujirudia namna hiyo mwili huusoma mara moja kama kirusi halisi. Seli zinazotengeneza kingamwili huamshwa kwa nguvu, na baadhi yake huhamia ndani ya mifupa zikaendelea na kazi kwa miaka.

Madhara nayo yalihesabiwa. Wasichana 42 kati ya 930 walipata matukio makubwa ya kiafya, jumla 53, na hakuna hata moja lililohusishwa na chanjo. Lililoongoza lilikuwa kulazwa kwa malaria. Msichana mmoja alikufa, na kilichomuua ni malaria. Aliyekuwa akitafuta hatari kwenye bomba la sindano alikuwa akitazama pasipo.

Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikafuata baada ya miaka miwili. Wavulana wa Seminari ya Visiga hawamo kwenye mpango, ingawa nao hubeba kirusi hikihiki; shehena ilikuwa haba kwa miaka kadhaa, na kila dozi iliyopatikana ilielekezwa kwa aliye katika hatari kubwa zaidi. Sasa dozi moja inafanya kazi ya mbili, na hoja ya uhaba inazidi kuchoka.

Wasiwasi wangu uko kwingine. DoRIS haikuwachukua wasichana wenye VVU, na kwao Shirika la Afya Duniani bado linataka dozi mbili angalau, ikiwezekana tatu. Mpango wa dozi moja unapita kwenye foleni ya shule, na foleni ya shule ni mahali ambapo msichana mwenye VVU hapaswi kutambulika. Muuguzi hawezi kumwita pembeni pale Visiga bila darasa zima kujua. Dozi zake zilizobaki inafaa zingoje kwenye kliniki ya huduma za VVU (CTC), siku anayokwenda kuchukua dawa zake, na kadi ya kliniki iwe na mstari wa kuzijaza.