Mashimo ya Bembea

Kazi ya kujenga kiwanja cha michezo cha watoto huanza na mashimo, na hapo ndipo wengi waliojitolea huanza kutazama saa. Wamekuja na hamu ya kupaka rangi. Wanakuta sururu na mtaimbo, na fundi anawaambia kila mguu wa bembea unataka shimo la sentimita 60 kwenda chini, pana zaidi kitakoni kuliko mdomoni. Siku ya msaragambo katika mtaa mmoja wa Morogoro, kijana mmoja aliuliza bila kuficha: bembea ni kitu cha hewani, mbona tunachimba kaburi?

Fundi alimpa hesabu. Mtoto wa kilo 30 akijirusha mpaka minyororo inalala sawa na bomba la juu, akipita chini kabisa analivuta bomba hilo kwa uzito wa kilo 90. Wakipanda wawili, na watapanda wawili, ni 180. Tena mvuto wenyewe hauendi chini tu. Unakwenda mbele, unarudi nyuma, unaichokonoa miguu mchana kutwa kama mtoto anavyolichezea jino linalotikisika. Ndiyo maana shimo hupanuliwa kitakoni: zege likishakauka, udongo ulioko juu ya mabega yake unalizuia lisipande. Kijana akarudi kwenye sururu.

Mafundi wenye mikono mizuri si haba. Huyu alinivutia kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa imekwisha kabla watu hawajafika. Kuchomelea alikumalizia karakanani, maana watu hawaachi kuutazama ule moto hata ukiwakataza, na macho ndiyo yanayolipa. Mabomba yalikuja yamekatwa, yamepakwa rangi ya kuzuia kutu, na kila ncha ina alama: bluu huingia kwenye bluu, nyeupe kwenye nyeupe. Bolti zilikuwa ndani ya makopo yenye alama hizohizo, kila kopo na idadi yake kamili, pamoja na nati na washa. Kopo likibaki na washa moja, basi kuna mahali imesahauliwa, na kazi inasimama mpaka paonekane. Kwa mpango huo mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa bodaboda na mama muuza maandazi waliunga fremu ya kupandia, na haikupinda. Fundi akiwa amepinda mgongo juu ya kazi yake ni rahisi kumsifu. Huyu alikuwa amesimama pembeni na chai mkononi, na kazi inakwenda.

Watu nao aliwagawa kwa jicho lilelile. Wenye nguvu walipata mashimo, wenye subira chekecheo la mchanga, wenye maneno mengi ndoo za maji, kwa kuwa bomba la maji liko mbali na safari haikatishi mazungumzo. Mama mmoja mtu mzima alimwaga karai la mchanga ambao haukuchekechwa vizuri. “Shikamoo mama,” fundi alimwambia, “huu una mizizi. Nisaidie kuurudia.” Akaurudia.

Kwenye zege hakuwa mpole hivyo. Kipimo ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji ya kulainisha tu, si ya kuliogesha. Zege halilali, mafundi wetu husema, na siku ile msemo ulichukuliwa kama amri: maji yakishamwagwa hakuna kwenda kunywa uji. Wawili wanashikilia mguu, mmoja anaweka pimamaji upande huu kisha upande ule, wengine wanajaza na kushindilia kwa kipande cha nondo ili hewa itoke. Mwishoni fundi alichukua mwiko mwenyewe. Juu ya kila shimo aliliinua zege kidogo kuzunguka bomba na kulipa mteremko, maji ya mvua yasisimame pale. Bomba la chuma huliwa na kutu kwanza mahali linapotokea ardhini. Mteremko ule hakuna mtoto atakayeutazama, na fundi aliupitishia mwiko muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Kisha matairi. Tairi chakavu la lori limekuwa rafiki wa viwanja vya namna hii kwa sababu hupatikana bure au kwa bei ya soda, halivunjiki, na likizikwa nusu linakuwa daraja, farasi au pango, kwa kadiri ya akili ya mwenye kucheza. Lakini lina mambo yake. Ubavu wake, kama hauna nyaya za chuma, hukatika kwa kisu kikali kinachochovywa kwenye maji ya sabuni; sehemu inayokanyaga barabara haikatwi, maana mara nyingi nyaya hizo zimo ndani yake. Likikaa wazi hukusanya maji, na maji hayo ndiyo nyumba ya mbu wa dengue, ugonjwa ulioitesa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kwa hiyo kila tairi hutobolewa matundu upande wa chini kabla ya kuwekwa. Na kabla ya kutobolewa, fundi alivua glavu na kupitisha kiganja kitupu ndani ya kila moja, mzunguko mzima, polepole, macho yakiwa yanatazama kwingine. La nne lilimsimamisha. Alirudisha kiganja nyuma kidogo, akabana kitu kwa kucha, akaonyesha ncha ya waya isiyozidi urefu wa punje ya mchele. Tairi likawekwa kando.

Fundi huyu haondoi hatari zote, na nadhani ni makusudi. Fremu ya kupandia ina urefu wa kutosha kumtia mtoto hofu, na mtoto anaiona hofu hiyo kabla hajapanda. Anaipima, anaamua leo aishie ngazi ya tatu. Anachokiwinda fundi ni hatari ambayo mtoto hawezi kuiona. Nafasi kati ya bomba na bomba, kwa mfano. Ikiwa kati ya sentimita 9 na 23, mtoto mdogo anaweza kupitisha miguu na kiwiliwili, kichwa kikagoma, akaning'inia. Basi fundi hutembea na kibao cha sentimita 9 mfukoni, anakijaribisha kila mahali. Kikipita, mwanya lazima uzibwe au upanuliwe kupita 23. Mikia ya bolti nayo hukatwa kwa grenda, ikapigwa nyundo nati isirudi nyuma, ikasuguliwa, halafu ikapanguswa kwa kipande cha kanga kuukuu. Kanga ikinasa uzi mmoja, inasuguliwa tena, kwa sababu sketi ya shule itanasa vilevile.

Bomba lililopindwa, zege na mchanga vina historia ndefu kwenye kazi hii. Mwaka 1947 msanifu majengo Aldo van Eyck alijenga kiwanja chake cha kwanza jijini Amsterdam, mahali paitwapo Bertelmanplein, akiwa mwajiriwa wa jiji. Wakazi wa mitaa mingine walipokiona kiwanja hicho waliandika barua wakiomba chao, na hadi mwaka 1978 alikuwa amesanifu zaidi ya 700. Upinde wake wa mabomba haufanani na mnyama wala gari. Mtoto ndiye anayeamua ni kitu gani. Lakini huko jiji ndilo lililovijenga. Morogoro hapakuwa na jiji la kuandikiwa barua, palikuwa na mwenyekiti wa mtaa na daftari la michango.

Mwenyekiti huyo alitaka mtelezo wa bati uwekwe chini ya mwembe. Fundi akakataa: kivuli ni kizuri, ila msimu wa maembe mawe yatakuwa yanaruka juu ya vichwa. Ukawekwa chini ya mwarobaini, mgongo kwa jua la alasiri.

Ilipofika saa kumi bembea zilikuwa zimesimama, rangi inang'aa, watoto wamejaa, na mwenyekiti akataka zifunguliwe palepale, na wapigwe picha. Zege hutaka siku saba kabla ya kubebeshwa mzigo. Fundi hakubishana. Minyororo hakuwa ameifunga; aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa saruji na kuondoka nayo kwenye bodaboda.

Jumamosi iliyofuata alirudi na wasaidizi wawili, akaifunga, wakaning'inia wote watatu kwenye kiti kimoja huku mzee mmoja akikodolea macho miguu ya fremu kama inacheza. Haikucheza. Spana namba 19 iliachwa kwa mama muuza maandazi, ambaye yuko pale kila asubuhi, pamoja na maelekezo: kila mwezi akaze nati, na aangalie kiungo cha juu kabisa cha mnyororo, kwa sababu hicho ndicho kinacholika. Mwenyekiti aliona spana ingefaa kukaa ofisini. Mama akauliza ofisi hufunguliwa saa ngapi.