Kibangwa, duara lililotoka baharini

Mawe ya itale yametapakaa kote kuanzia Tabora hadi Isikizya. Ni makubwa, na yangetosha kuchongwa majina ya watemi wote wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi. Hakuna aliyeyachonga. Kule Thanjavur, kusini mwa India, mfalme Rajaraja wa nasaba ya Chola alijenga hekalu lililokamilika mwaka 1010, na ukutani pakachongwa majina ya wanawake 400 waliolihudumia, kila mmoja na mtaa na nyumba yake. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107. Huku bara, atafutaye asili ya watemi huwasikiliza wazee wakitaja koo. Mimi ningependa vilevile atazame kwa utulivu kitu kidogo cheupe kinachoenea kiganjani, ambacho Wakimbu, majirani wa kusini wa Wanyamwezi, hukiita kibangwa.

Kibangwa hutokana na gamba la konokono wa Bahari ya Hindi mwenye umbo la pia, yule ambaye wanasayansi humwita Conus. Fundi hukata sehemu ile pana ya juu, palipo na mzunguko, na kuacha mwili mrefu uliobaki. Kukata kwenyewe ni kazi ya subira, maana gamba ni gumu kama kaure, na likigongwa vibaya hupasuka kufuata tabaka zake. Kisha huja kusugua kwa jiwe, mchanga na maji, polepole, mpaka ukingo uwe duara na uso ulainike. Akizidisha kidogo, uso unatoboka na kazi imepotea. Mwisho hutoboa tundu la kupitishia uzi, na duara huvaliwa shingoni au kipajini.

Ninachokistahi zaidi ni kile ambacho fundi huyu hakukifanya. Hakuchora kitu. Mzunguko unaoonekana ni wa konokono mwenyewe, aliouongeza mwaka baada ya mwaka, na fundi aliufunua tu. Geuza upande wa nyuma uone njia ya mzunguko huo ikizama katikati, na kila pindo lina upana wake. Tazama na tundu: uzi uliovaliwa miaka mingi hula ukingo wake ukaacha mfereji upande mmoja. Huo mfereji ni kumbukumbu ya kuvaliwa.

Nembo hii husema mengi kuhusu nasaba. Aylward Shorter, padri na mwanaanthropolojia, alikusanya simulizi za Wakimbu, na mwaka 1972 akachapisha kitabu kuhusu utemi wa Tanzania ya magharibi. Kwake, vibangwa vilikuwa ushahidi wa kufuatia koo za watemi, maana nembo ilisafiri pamoja na madai ya kutawala, na baadhi ya koo husimulia kwamba asili yao ni Usagara, upande wa mashariki. Gamba la baharini likawa hati ya mtu ambaye pengine hakuwahi kuiona bahari.

Na bahari ilikuwa mbali kweli. Mwaka 1857 msafara wa wavumbuzi Waingereza Burton na Speke ulitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, Tabora ya leo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliizoea njia hiyo tangu mapema katika karne ya 19, wakishuka na pembe na kurudi na nguo na shanga. Lakini heshima ya gamba hili ni kongwe kuliko misafara hiyo. Pale Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi, wakubwa walizikwa nalo mamia ya miaka kabla, pamoja na dhahabu. Na mwaka 1854 David Livingstone alipofika kwa chifu Shinte, katika nchi ya Walunda, aliandika kuwa magamba mawili yalimnunua mtumwa mmoja, na matano yalitosha kwa pembe ya ndovu. Inaumiza kusoma hesabu hiyo, lakini nayo ni sehemu ya kinachosomwa kwenye duara hili: weupe ule ule uliomtukuza mtemi ulipima bei ya binadamu.

Baadaye Ulaya ilianza kutengeneza vya kuiga, kwa kaure. Ni vizuri kwa macho, ila vingi vilifinyangwa kwa kalibu, hivyo hufanana mno, na nyuma havina ile njia inayozama.

Serikali ilifuta utemi kisheria mwaka 1963. Vifaa vya utawala vimebaki mikononi mwa koo na katika makumbusho kama ya Bujora, karibu na Mwanza. Picha nyingi za vibangwa huonyesha uso uliong'arishwa tu. Wenye kuvihifadhi wangepiga picha upande wa nyuma pia, pamoja na tundu, kwa karibu, na kuandika ni ukoo gani ulivivaa, wakati wazee wanaojua bado wapo.