Matembezi ya Cowper katika Theluji

Shairi la William Cowper liitwalo The Task, lililotolewa mwaka 1785, lina vitabu sita, na viwili vya mwisho ni vya matembezi: cha tano ni matembezi ya asubuhi ya majira ya baridi, cha sita ni ya adhuhuri. Mahali ni viunga vya Olney, mji mdogo wa Buckinghamshire, alikokaa mshairi tangu 1767 hadi 1786. Wasomaji aghalabu huupenda mwanzo wa kitabu cha tano, kisha hulalamika kwamba mshairi ameiacha njia akapanda mimbari. Lalamiko hilo lina haki, lakini si haki yote.

Jua linachomoza, na kivuli cha mtembezi kimenyooshwa mno hata miundi yake imekuwa mirefu na myembamba, mwenyewe aicheka. Ng'ombe wangoja chakula kando ya ua, kimya, bila ya ukali alio nao mwanadamu mwenye njaa. Mtumishi wa shamba akata nyasi kavu katika lundo, pande baada ya pande, kwa uangalifu, lundo lisije likaelemea upande. Mkata kuni aenda msituni na shoka lake; mbwa wake ailima theluji kwa pua na kubweka kwa furaha, ilhali bwana hasimami ila kushindilia tumbaku katika kiko chake kifupi. Hapa hapana neno la pambo. Kila kitu kimeonwa kwa jicho lililozoea kukiona kila siku, na ndiyo maana msomaji ambaye hajapata kukanyaga theluji huamini. (Mfasiri atakayeiita baridi hii kipupwe atampotosha: kipupwe chetu huburudisha, hakigandishi maji ya mto.)

Yafaa kutazama jinsi hotuba inavyoanza. Mtembezi afika penye kinu cha maji. Mto umeganda kwingine kote, ila hapa maji yaruka bwawa na kupiga gurudumu, na baridi haiwezi kuyafunga. Yashika ule mvuke wake tu, ikaugandisha kwa maumbo ya ajabu kandokando. Maumbo hayo yamkumbusha jumba la barafu alilojengewa Malkia Anna wa Urusi katika baridi ya mwaka 1740. Jumba ni mchezo wa wafalme. Vita navyo ni mchezo wao. Raia wakiwa werevu wasingewaachia kuucheza. Kutoka hapo fikira yaenda kwenye udhalimu, na kwenye gereza la Bastille, ambalo Cowper alitamani lianguke miaka minne kabla ya kuanguka kwake mwaka 1789. Basi hajaruka. Amefuata barafu kama afuatavyo mtu mto, na kila hatua yaonekana. Shairi lisilo na vina lamsaidia, kwani hakuna mwisho wa ubeti wa kumsimamisha; na wabishanao juu ya mashairi huru wakumbuke kwamba Cowper aliacha vina, mizani hakuiacha.

Kosa liko mbele zaidi. Kutoka uhuru wa raia aingia katika uhuru wa roho, na tangu hapo miguu ya mtembezi haionekani tena. Kitabu chaisha kwa sala, wala hatujui kama alirudi nyumbani. Lakini anayepotea zaidi ni yule mkata kuni. Mshairi aliyeulaani utumwa waziwazi katika kitabu cha pili, tena aliyewajua vema maskini wa Olney waliofuma lasi kwa ujira mdogo, asema mengi juu ya uhuru wa Mwingereza asimwulize Mwingereza huyu hata neno moja. Mbwa amepewa furaha. Bwana wake amepewa kiko. Uhuru ukishakuwa mada, kimya chake kinakuwa kizito kuliko ambavyo mshairi alikusudia.

Kitabu cha sita kimeshika njia vizuri zaidi. Ndege mdogo mwenye kifua chekundu aruka tawi hata tawi, na kila atuapo hudondosha vipande vya barafu juu ya majani makavu. Mlio huo mdogo wampendeza mshairi kuliko kimya kitupu, na fikira yake juu ya elimu na hekima yatoka humo humo, chini ya miti, kabla hajainua sauti.