Sadaka au Ujira? Santuri ya Pili ya Staff Benda Bilili

Santuri ya kwanza ya Staff Benda Bilili wa Kinshasa, Très Très Fort, ilitoka mwaka 2009. Iliwapeleka Ulaya watu waliokuwa wakipiga muziki barabarani: wengi wao wamepoozwa miguu na polio, nao huenda kwa baiskeli za magurudumu matatu. Pamoja nao alikuwako kijana Roger Landu na satonge yake, chombo cha uzi mmoja alichojitengenezea kwa kopo. Mwaka 2010 filamu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Habari yao ilipendeza mno, na hapo ndipo ilipoanza taabu ya santuri ya pili, Bouger le Monde, iliyotoka mwaka 2012. Maana mtu aliyekwisha kuhurumia mara moja hahurumii mara ya pili kwa nguvu ile ile. Wengi walikuwa wamenunua habari, nyimbo wakapewa kama nyongeza.

Sisi wa Kasulo twaujua mtazamo huo. Tangu watu walipoanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao, mwaka 2014, wageni wamekuja kupiga picha za mashimo. Ni wachache waliouliza jirani zetu huimba nini jioni.

Basi tuisikilize santuri yenyewe. Gitaa la umeme limepata nafasi kubwa, waimbaji wanapokezana kwa ukali, na rumba inakwenda mbio. Wimbo wa kwanza, Osali Mabe, wamwambia mtu waziwazi kwamba ametenda vibaya. Mwingine wataja kuluna, vijana wenye mapanga wanaotisha mitaa ya Kinshasa. Hawa si watu wanaoomba. Wanaonya, kama walivyowaonya wazazi katika ile ya kwanza wapeleke watoto kuchanjwa polio. Kasoro zipo: nyimbo kadhaa zafanana mwendo hata sikio linachoka, na mahali pengine magitaa yanaisonga satonge, ambayo peke yake ingetosha kutuliza chumba kizima. Hata hivyo, kwa kucheza naipenda hii kuliko ya kwanza.

Kiwete wa Mlango Mzuri, katika Matendo ya Mitume, alitazamia fedha, akapewa miguu. Wapigaji hawa walitaka kitu kingine tena: mtu asikie, aseme wimbo huu ni mzuri au ni mbaya, alipe. Jina lenyewe la kundi lao lataka mtu atazame kilicho nyuma ya umbo. Anayewasifu tu kwa sababu ya baiskeli zao bado ametazama umbo.

Mwaka 2013 kundi liligawanyika. Coco Ngambali na Théo Nzonza waliondoka, na mwaka 2015 wakatoa From Kinshasa kwa jina la Mbongwana Star, muziki mkali wenye vishindo vya mitambo. Hiyo haikuhitaji filamu ya kuitangulia.