Hadithi za Kutisha: Kitabu na Picha

Watu wapendao hadithi za kutisha wana ubishi wao wa siku nyingi, nao haujakwisha hata leo. Wengine husema ya kuwa vitabu vya zamani ndivyo bora, na picha za sinema zilizotolewa katika vitabu hivyo ni vivuli tu. Wengine hujibu ya kuwa zile picha za kwanza, zilizotengenezwa kabla sinema haijapata sauti, zina nguvu ambayo kitabu hakina. Kila upande umeshika lake wala hautaki kuachia. Wahenga walisema, Akipenda, chongo huita kengeza. Na kwa kweli wapenzi wa pande zote mbili wameziita chongo nyingi makengeza.

Huenda msomaji akauliza, Mambo haya yatufaa nini sisi, watu wa shamba na kanisa? Yatufaa, kwa sababu hadithi ya kutisha humfundisha mtu, apende asipende, ni kitu gani cha kuogopwa na ni nani wa kuchukiwa. Mafundisho hayo huingia moyoni wakati akili imeshughulika na hofu, na kwa hiyo hukaa sana. Leo vijana wetu waweza kuzitazama picha hizo katika simu zao, na vitabu vile vyapatikana bila shida. Basi yafaa tuvipime. Nitachukua hadithi mbili tu, ambazo kila moja ina kitabu mashuhuri na picha mashuhuri.

Lakini kwanza nieleze jinsi picha hizo zilivyokuwa. Hata kufika mwisho wa miaka ya 1920 picha nyingi za sinema hazikuwa na sauti. Watu walionekana wakienda na kufumbua vinywa, ila neno halikusikika. Maneno machache ya lazima yaliandikwa, yakaonyeshwa katikati ya picha ili watazamaji wayasome, na wapiga muziki walipiga vyombo vyao mle mle ukumbini. Kwa hiyo mchezaji alilazimika kunena kwa uso, kwa mikono, na kwa jinsi ya kusimama.

Hadithi ya kwanza ni Dracula. Mtungaji wake, Bram Stoker, alizaliwa mwaka 1847 huko Dublin katika nchi ya Ireland, akawa msimamizi wa mambo ya nyumba ya michezo iitwayo Lyceum katika mji wa London kwa muda wa miaka mingi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1897. Chasimulia habari za bwana mkubwa wa Transylvania, maiti asiyeoza, atokaye kaburini usiku kunyonya damu ya walio hai, na jinsi alivyonunua nyumba Uingereza ili apate watu wengi wa kunyonya. Mtu wa pwani akisikia hivi atamkumbuka mumiani. Lakini si sawasawa, maana mumiani katika masimulizi yetu ni mtu hai atoaye damu ya wenzake kwa ajili ya dawa na fedha, na huyu ni mfu ambaye damu ndiyo chakula chake.

Wapenzi wa kitabu wana sababu njema za kukisifu. Kimeandikwa chote kwa namna ya barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti na kumbukumbu za kila siku za watu mbalimbali. Hapana hata mmoja ajuaye habari yote. Kila mmoja anacho kipande chake, tena wengine wamekificha, ama kwa haya, ama kwa kuogopa kuitwa wenda wazimu. Wakati wa kufichana ndio wakati adui anaposhinda, na binti mmoja, Lucy, anakufa. Kisha mwanamke mwingine, Mina, azikusanya karatasi zote, azipanga kwa tarehe na kuzipiga chapa kwa mashine, ili kila mtu asome habari ya mwenziwe. Tangu hapo adui aanza kukimbia. Mtu aliyepata kukaa katika kijiji chenye siri mbaya atalifahamu jambo hili bila kufafanuliwa.

Tena, katika kitabu mwovu hajulikani upesi kwa sura yake. Uso wake ni mkali, ndiyo, lakini ni mwenyeji mwenye adabu, asema Kiingereza vizuri, na kwa kunywa damu azidi kuwa kijana, hata aweza kupita mchana katika njia za London kama bwana mwingine yeyote. Na jambo lililo kubwa kuliko yote ni hili: Mina, ambaye yeye mwenyewe amekwisha kudhulumiwa na adui huyo, ndiye awaombaye wanaume wamhurumie hata wanapokwenda kumwua.

Lakini kitabu kina kasoro. Ni kirefu kupita kiasi, na daktari mzee Van Helsing ahubiri mno. Pia yuko mgonjwa wa akili, Renfield, ashikaye neno la Torati juu ya damu na uhai na kuligeuza kichwa chini, maana Torati yakataza kula damu naye atafuta ruhusa ya kuila. Hapo mtungaji amefanya vema, kwa kuwa ametuonyesha jinsi Maandiko yawezavyo kutumiwa vibaya. Ila yeye mwenyewe aanguka karibu na shimo lilo hilo. Van Helsing auchukua mkate mtakatifu, auvunja vipande vipande na kuuchanganya na udongo wa kuzibia, kisha aziba nyufa za mlango wa kaburi ili mfu asipite. Mkristo atauliza, Je, hii si hirizi? Sakramenti imefanywa kuwa dawa ya kufukuzia wachawi. Wapenzi wa kitabu hupita mahali hapa upesi, nami naona haifai kupita upesi.

Basi tuitazame picha. Jina lake ni Nosferatu, nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 4 Machi 1922. Mwongozi wake alikuwa Mjerumani, F. W. Murnau. Yule mnyonya damu ameitwa Orlok, na mchezaji wake ni Max Schreck, mtu mrefu, mwembamba, asiye na nywele, mwenye meno ya panya na kucha ndefu. Mji umehamishwa kutoka Uingereza hadi Ujerumani. Merikebu yaingia bandarini bila mtu wa kuiongoza, kwa kuwa mabaharia wote wamekwisha kufa. Panya watoka, na tauni yaingia mjini. Kisha twaona kutoka dirishani watu wamechukua majeneza, jeneza nyuma ya jeneza, wakishuka njiani polepole. Hapana neno linenwalo. Watazamaji wa mwaka 1922 walikuwa wametoka katika vita vya 1914 hadi 1918 na homa kuu iliyofuata, nao hawakuhitaji kuelezwa majeneza ni nini. Hapa wapenzi wa picha wana haki kabisa: kurasa nyingi za kitabu hazifikii nguvu ya njia ile moja.

Tena picha imeiacha ile hirizi. Adui hashindwi kwa mkate wala kwa kisu. Mwanamke mmoja, Ellen, asoma ya kuwa hapana wokovu ila mwanamke asiye na hatia akubali kwa hiari yake kumshika adui karibu naye mpaka jogoo awike. Naye akubali. Jua lachomoza, Orlok atoweka kama moshi, na Ellen afa. Habari ya mnyonya damu kuuawa na jua, ambayo leo hujulikana na watu wote, haikutoka kwa Stoker. Imetoka katika picha hii. Na kwa Mkristo, uhai mmoja uliotolewa kwa ajili ya mji ni neno kubwa kuliko visu viwili vinavyomkomesha Dracula katika kitabu.

Wapenzi wa kitabu hujibu kwa kusema, Picha yenu ni mali ya wizi. Ni kweli. Waliotengeneza Nosferatu waliyageuza majina, lakini mwanzoni mwa picha yenyewe walikiri kwamba imetoka katika kitabu cha Stoker, na mjane wake, Bibi Florence Stoker, hakuombwa ruhusa wala hakulipwa. Alishtaki. Kampuni ilifilisika, na mwaka 1925 hukumu ya Ujerumani iliagiza nakala zote ziharibiwe. Nakala nyingine ziliponyoka, na kwa hizo picha imeishi hadi leo. Wako wapenzi wa picha wanaomlaumu mjane huyo kana kwamba yeye ndiye adui wa sanaa. Mimi siwezi kukubaliana nao. Shamba la Nabothi halikuwa halali kwa Ahabu hata kama angalipanda humo mboga nzuri kuliko mizabibu ya Nabothi. Tuifurahie picha kwa kuwa imebaki, lakini tusimtukane aliyedhulumiwa.

Hadithi ya pili ni ya Mfaransa, Gaston Leroux: Le Fantôme de l'Opéra, yaani Mzuka wa Opera. Ilitoka gazetini kidogo kidogo tangu mwaka 1909, ikawa kitabu mwaka 1910. Chini ya nyumba kubwa ya michezo ya kuimba katika mji wa Paris akaa mtu aitwaye Erik, fundi wa kujenga na wa muziki, ambaye uso wake ni kama fuvu la maiti. Amempenda mwimbaji kijana, Christine, naye amteka. Erik si mtu mwema. Ameua, na atisha kuilipua nyumba nzima pamoja na watu waliomo. Lakini Leroux atuambia alikotoka: mtoto wa mwashi, karibu na mji wa Rouen, aliyezaliwa na sura ile, ambaye mama yake hakuweza kuvumilia kubusiwa naye, akamtupia kifuniko cha uso ajifunike. Mwishoni Christine amwacha ambusu katika paji la uso wala hashtuki, kisha alia pamoja naye. Erik, ambaye silaha za wanaume hazikumweza, ashindwa na machozi hayo. Amfungulia Christine, ampa ruhusa kuolewa na kijana ampendaye, kisha yeye mwenyewe afa.

Picha yake ilitengenezwa Marekani na kuonyeshwa mwaka 1925. Mchezaji wa Erik ni Lon Chaney, mwana wa wazazi viziwi. Tangu utoto alijifunza kusema na baba na mama kwa mikono na uso, na elimu hiyo ndiyo iliyomfanya kuwa mkuu miongoni mwa wachezaji wa picha zisizo na sauti. Ajuaye hayo hatasema tena ya kuwa picha hizo ni bubu.

Lakini mwisho wa hadithi umeharibiwa. Hapo kwanza picha ilimalizika kwa Erik kufa kwa huzuni. Watazamaji wa kwanza walioonyeshwa ili kuijaribu hawakupendezwa, basi wenye picha wakatengeneza mwisho mwingine. Katika huo Erik akimbizwa njiani na kundi la watu wenye mienge, apigwa mpaka kufa, na mwili wake watupwa katika mto Seine. Busu halimo, wala machozi yaliyomwokoa. Na ile habari ya mama na kifuniko imeachwa. Mahali pake twaambiwa kuwa ni mwenda wazimu aliyetoroka kifungoni. Mtazamaji aruhusiwa kushangilia kipigo bila kuuliza neno.

Hapa, ndugu msomaji, ubishi wa wapenzi wa hadithi watugusa sisi wenyewe. Katika Tanzania, hasa pande za Usukuma, wako vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Na mara nyingi wekundu huo ulitoka katika moshi wa kuni walizopikia wana na wajukuu wao miaka yote. Waliowaua walifikiri kwamba uovu husomwa usoni. Nabii Samweli mwenyewe, alipotumwa nyumbani kwa Yese, alihitaji kuonywa asitazame sura. Basi hadithi yoyote ifundishayo ya kuwa uso mbaya ni alama ya moyo mbaya, na ya kuwa kundi lenye mienge lina haki, si mchezo tu.

Kwa mzani huo, nahukumu hivi. Katika hadithi ya Paris kitabu kimeshinda, wala si kwa kidogo. Ila Chaney hakushindwa. Kundi linapomzunguka, ainua ngumi kana kwamba ameshika kitu cha kulipuka, nao warudi nyuma kwa hofu. Kisha afungua mkono, nao ni mtupu. Acheka, nao wamrukia. Katika mkono ule mtupu mchezaji amerudisha sehemu ya huruma ambayo wenye picha waliiondoa.

Katika hadithi ya mnyonya damu naipa picha ushindi, ingawa si kwa sababu ya meno na kucha za Orlok. Katika hayo kitabu kina hekima zaidi. Naipa kwa ajili ya mambo mawili. La kwanza ni Ellen. La pili ni mahali ambapo watazamaji wengi hupasahau. Tauni ilipozidi, watu wa mji walimfukuza wakala wa nyumba, mzee aliyerukwa na akili, wakimtupia mawe kana kwamba yeye ndiye chanzo cha kifo. Walikimbia mpaka mashambani, na huko wakairarua sanamu ya kufukuzia ndege, wakidhani ni yeye. Wakati huo huo Orlok alikuwa ametulia nyumbani mwake ng'ambo ya nyumba ya Ellen. Kundi zima lilikuwa likishindana na nguo kuukuu juu ya mti, na mwanamke mmoja, chumbani mwake, ndiye aliyemjua adui ni nani.

Mwalimu au mzazi akiwakuta vijana wanatazama picha hizi, au wanasoma vitabu hivi, asianze kwa kuwanyang'anya. Na aketi nao mpaka mwisho, kisha awaulize maswali mawili: Huyu mwovu mmemjua kwa uso au kwa matendo? Na alipokufa, ninyi mlitaka kuwa nani, Ellen au mmoja wa kundi? Jibu la swali la pili halitamwambia mengi juu ya sinema, lakini litamwambia habari za watoto wake.