Al-Inkishafi: Mawaidha au Majumba?

Wasomi wenzangu, tusidanganyane: Al-Inkishafi inachosha. Kiamu chake kinamlazimu msomaji wa bara kukimbilia tanbihi kila ubeti: "mato" ni macho, "ndia" ni njia. Ukirudi, mahadhi yamekwisha kukutoka. Ndiyo maana wengi tunameza madesa, tunaandika "dhamira: dunia hupita", basi, maksi hizo.

Mimi sikubali. Ni kweli Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaukemea moyo wake unaoshikilia dunia. Lakini hebu tazama anavyokawia ndani ya majumba ya Pate! Taa zile, vyombo vile. Na palipopangwa vyombo, sasa wanalala ndege. Mtu asiyeyapenda majumba angeyaangalia kwa makini hivyo? Utamu uko hapo, na desa halina habari nao.