Alama ya Subana

Unyoya wa bata bukini hauwi kalamu kwa kung'olewa tu. Huachwa kwanza ukauke, kisha shina lake huchomekwa kwenye mchanga wa moto mpaka likaze. Halafu kisu kidogo chenye makali hukata ncha kwa mshazari. Mkato wa pili huichonga mfano wa mdomo wa ndege. Na mwisho katikati ya ncha hupasuliwa ufa mmoja mwembamba, ambao ndio njia ya wino. Ufa ukipinda, kalamu hutema wino. Ukizidi urefu, ncha huchanuka. Na hata ikakatwa vizuri namna gani, baada ya kurasa chache hulainika, na mwandishi hana budi kushika kisu tena.

Kwa kalamu za namna hiyo, katika miaka ya 1850, mwanamke mmoja wa Kusini mwa Marekani aliandika riwaya ya kurasa 301. Alijiita Hannah Crafts, na katika jina refu la kitabu akajitambulisha kuwa ni mtumwa aliyetoroka karibuni kutoka North Carolina. Kitabu alikiita The Bondwoman's Narrative. Kiswahili hakihangaiki kulifasiri jina hilo: ni simulizi ya mjakazi. Jina alilojulikana nalo utumwani lilikuwa Hannah Bond, na lilikuja kufahamika zaidi ya miaka mia moja na hamsini baadaye. Kabla ya hapo kilichokuwapo ni karatasi zake tu, na karatasi hizo zinataka kutazamwa polepole.

Tuanze na wino. Ni ule wa chuma na vivimbe vya mwaloni, vinavyoota kwenye mti baada ya nyigu kutaga mayai yake humo. Vivimbe hupondwa na kulowekwa, maji yake yakachanganywa na salfeti ya chuma, ikatiwa gundi ya mgunga ili wino ushike kalamu. Ukiandikwa huwa hafifu. Hewa ikiupiga unakolea, unazama katika karatasi, na miaka ikipita unageuka rangi ya kahawia. Wino huu haufutiki kwa maji. Mwenye kuutumia hujifunza mapema kuwa neno likishakauka si la kuondolewa kwa urahisi.

Ndiyo maana masahihisho yake yanapendeza kuliko hata mistari iliyonyooka. Mwaka 2001, mchunguzi wa nyaraka Joe Nickell aliukagua mswada huo kwa kioo cha kukuzia na darubini, akakuta kwamba Hannah alikuwa na njia kadhaa za kurudi nyuma. Neno likiwa bado bichi, alilipangusa kwa kidole, na upana wa doa unaonyesha kuwa ni kidole kidogo. Likiwa limekauka, alilikwangua kwa ncha ya kisu bila kutoboa karatasi. Mahali pengine alipiga mstari tu akaendelea. Na palipokuwa na sentensi nzima isiyomridhisha, alikata kipande cha karatasi, akaandika upya juu yake, akakibandika pale pale juu ya maneno ya zamani.

Hapo kwenye kubandika ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Gundi yake ilikuwa ya vidonge bapa vya unga vilivyokaushwa, ambavyo watu wa zama zile walivitumia kufungia barua. Unakilowesha kidogo, unakiweka kati ya karatasi mbili, unakandamiza. Hannah alikandamiza kwa subana. Vishimo vidogo vya subana, kile kikofia cha chuma kinachovaliwa kidoleni kuzuia sindano, vimebaki kwenye vibandiko mpaka leo. Aliyewahi kukaa karibu na mshonaji wa kofia za mkono anaielewa picha hii: kifaa kinakaa kidoleni kutwa nzima, hata mwenyewe anasahau kuwa amekivaa. Hannah hakwenda kutafuta kifaa cha kuandikia. Alitumia kilichokuwapo mkononi, nacho kilikuwa cha mshonaji.

Mwandiko wenyewe hauna madoido. Ni wa mkono wa kulia, wa duara, unaosomeka, wa mtu asiyeandika haraka. Vituo anavipanga apendavyo, na tahajia inateleza hapa na pale. Lakini tusidhani kuteleza huko ni uvivu. Huko North Carolina sheria ya mwaka 1830 ilikataza watumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Mtumwa aliyemfundisha mwenzake alistahili viboko 39 mgongoni. Hesabu haikukatazwa, mabwana walihitaji watu wa kuhesabu magunia. Kwa hiyo kila herufi iliyomo katika kurasa hizo 301 ilipatikana kwa kuiba saa, kuiba nuru, na kuiba mafunzo yaliyokuwa yakitolewa kwa wengine.

Mahali alipoyapata mafunzo hayo, mtafiti Gregg Hecimovich ametumia miaka mingi kupafuatilia. Mwaka 2013 alitangaza kuwa mwandishi ni Hannah Bond, aliyemilikiwa na familia ya Wheeler, mjini Murfreesboro. Katika mji huo kulikuwa na shule ya wasichana wa Kizungu, na baadhi yao walipanga katika nyumba ya familia hiyo. Masomo yao yalikuwa ya kukariri kwa sauti. Mjakazi anayetandika vitanda na kuwasha moto anasikia, na Hannah alikuwa na sikio.

Kusikia huko kumo ndani ya riwaya. Ukungu wa London unaofungua Bleak House ya Charles Dickens, aliuhamishia Washington, pamoja na tope lake. Wapo wanaoona huo ni wizi. Mimi naona kazi ya fundi aliyepewa gauni kuukuu la bibi yake: analifumua kwenye mishono, anageuza kitambaa, analikata kwa kipimo cha mwili mwingine. Kitambaa ni cha Dickens, kipimo ni cha mjakazi aliyekuwa Washington kweli, akingoja nyuma ya kiti.

Na pale asipoazima, ndipo anapopaa. Kuna mahali Bi Wheeler, mke wa bwana anayetafuta cheo serikalini, anamtuma Hannah dukani kununua poda mpya ya uso. Bibi anajipaka, anakwenda kumwombea mumewe kazi. Anarudi uso mweusi. Poda hiyo, kumbe, ikikutana na mvuke wa kichupa cha kunusa ambacho mabibi walibeba, hugeuka rangi. Ili kuandika kisa hicho lazima uijue meza ya vipodozi kwa undani: kopo lipi limekaa wapi, nani analifungua, nani anashika kioo. Bwana asingeweza kukiandika, wala bibi mwenyewe. Aliyeweza ni yule aliyesimama hatua moja nyuma, mwenye kujua kuwa weupe ule ulikuwa ukipakwa kila asubuhi, na kwa mkono wa nani.

Bwana huyo, John Hill Wheeler, hakuwa mtu wa kubuni. Alikuwa mwakilishi wa Marekani nchini Nicaragua, na mwaka 1855 mjakazi wake mwingine, Jane Johnson, alimtoroka huko Philadelphia mchana kweupe. Hannah alitoroka karibu mwaka 1857, akapata hifadhi katika shamba la mtu aitwaye Horace Craft, jimbo la New York. Huenda ndiko alikotoa jina lake la uandishi. Kwa utafiti wa Hecimovich, sehemu ya kitabu ilikuwa imekwisha kuandikwa utumwani, na karatasi nyingine zinalingana na zilizotumika nyumbani kwa Wheeler. Baadaye alihamia New Jersey, akaolewa.

Sasa litazame jina la bwana huyo katika mswada. Mwanzoni Hannah hakuliandika lote. Aliweka Wh, akavuta mstari, akamalizia kwa r. Ni desturi ya waandishi wa riwaya wa wakati huo, ila kwa mtoro ilikuwa pia ni kinga. Kisha, siku nyingine, alirudi kwenye kurasa hizo na juu ya mstari akajaza herufi nne zilizokosekana: e, e, l, e. Hakubandika karatasi, hakukwangua. Alichovya kalamu akajaza pengo.

Mswada haukuchapishwa akiwa hai. Mwaka 1948 Dorothy Porter, mkutubi maarufu wa Chuo Kikuu cha Howard, aliununua kwa dola 85. Alikuwa msomaji makini: aliona kuwa mwandishi huyu huwaleta wahusika weusi kama watu tu, bila kutangaza rangi yao kwanza kama walivyozoea waandishi weupe, naye akaamini kuwa ulikuwa wa mwanamke mweusi. Mwaka 2001 ulipigwa mnada New York. Profesa Henry Louis Gates aliuchukua kwa dola 8,500, bila mtu mwingine wa kushindana naye. Huenda ndiyo riwaya ya kwanza kuandikwa na mwanamke Mwafrika wa Marekani.

Ulitoka kitabuni mwaka 2002. Wahariri waliacha tahajia yake ilivyo, na maneno aliyoyafuta yamo humo, yamepigwa mstari lakini yanasomeka. Ukikipata kitabu hicho, usiyaruke.